Asilimia 22 zilizonipeleka kwenye mpira uliopasuka

Taa ya injini iliwaka asubuhi moja nikiwapeleka watoto shule, ikazimika baada ya siku tatu, kisha ikawaka tena. Barabarani gari lilikwenda vizuri. Likisimama tu, injini ikiunguruma taratibu, lilitetemeka kama mtu mwenye homa. Ni gari la petroli la mwaka 2009, silinda 4, na tumeishi nalo kiasi kwamba sauti yoyote mpya naijua.

Fundi wa kwanza alichomeka skana yake ya mkononi, akasoma msimbo wa kosa P0171, akasema sensa ya oksijeni, ile inayopima oksijeni kwenye moshi, imekufa. Tukanunua nyingine, akaifunga, akafuta msimbo, taa ikazimika. Wiki mbili hazijatimia, taa ikarudi na msimbo uleule. Nilikaa garini nikiwaza kwamba tumebadilisha kifaa bila mtu yeyote kuuliza kwa nini kile cha zamani kililalamika. Siku hiyo niliamua nitanunua kebo na kusoma mwenyewe kwa laptopu yangu.

Kifaa chenyewe ni kidogo. Upande mmoja kina plagi ya pini 16 inayoingia kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi, karibu na magoti ya dereva. Upande wa pili ni USB. Katikati kuna chipu ya aina ya ELM327 inayopokea maneno ya gari na kuyageuza yasomeke na laptopu. Soketi hiyo ina umbo moja kwa magari ya kampuni nyingi kwa sababu ya sheria za kupunguza moshi: Marekani ililazimisha mfumo huo kwa magari mapya ya mwaka 1996, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2001 kwa yale ya petroli. Pini ya 16 huleta umeme wa betri, ya 4 ni eathi, na kwenye gari kama letu mazungumzo yenyewe hupita pini ya 6 na ya 14.

Jioni ya kwanza sikusoma chochote. Laptopu ilikiona kifaa, programu haikukiona. Nilihangaika saa nzima mpaka nikagundua kwamba kwenye programu nimechagua lango la mawasiliano lisilo lake, tena kwa kasi isiyo yake. Nilipoweka kasi ya biti 38,400 kwa sekunde kikaitika mara moja. Muda wote huo swichi ilikuwa imewashwa na injini imezimwa, na betri ikashuka kutoka volti 12.5 hadi 11.9 mbele ya macho yangu. Tangu siku hiyo, nikikaa kusoma kwa muda mrefu, naunganisha chaja kwenye betri.

Sasa nije kwenye sababu ya kuandika haya. Msimbo P0171 hausemi sensa imekufa. Unasema mchanganyiko ni mwembamba: hewa imezidi ikilinganishwa na petroli. Hayo ni malalamiko ya kompyuta ya gari, na si lazima anayelalamika ajue nani kamkosea. Ili kumjua mkosaji unahitaji namba zilizokuwepo wakati wa kosa, na namba hizo gari huziweka. Msimbo unapoandikwa, kompyuta hupiga kama picha ya hali ya injini wakati huo. Picha yangu ilionyesha maji ya rejeta nyuzi 88, injini mizunguko 720 kwa dakika, mwendo kilomita 0. Yaani kosa lilitokea gari likiwa limesimama. Kumbukumbu kama hiyo ndiyo iliyopotea siku fundi alipobonyeza kufuta, maana msimbo ukifutwa picha nayo hufutika. Ndiyo maana nasisitiza sana: kabla hujafuta chochote, hifadhi kila kitu kilichoandikwa.

Halafu kuna marekebisho ya mafuta, kitu ambacho skrini ndogo ya skana ya mkononi haikutendei haki. Kompyuta ya gari huisikiliza sensa ya oksijeni. Ikiona hewa imezidi, huongeza petroli, ikiona petroli imezidi, hupunguza. Kuna marekebisho ya muda mfupi, yanayopanda na kushuka kila sekunde, na ya muda mrefu, ambayo ni mazoea ambayo kompyuta imejifunza. Yakiwa ndani ya asilimia 10 juu au chini, mimi sina wasiwasi. Ya muda mrefu kwangu yalikuwa asilimia 22 juu.

Niliweka breki ya mkono, gari likiwa uwanjani kwenye hewa wazi, nikawasha injini na kuchora grafu mbili pamoja: mizunguko ya injini na marekebisho hayo. Mke wangu alikanyaga mafuta polepole hadi mizunguko 2,500, akashikilia hapo. Ule mstari wa 22 ukateremka hadi 4. Alipoachia, ukaanza kurudi juu.

Mchoro huo ndio jibu. Kama pampu ya petroli ingekuwa dhaifu au chujio limeziba, hali ingezidi kuwa mbaya kadiri injini inavyodai mafuta zaidi. Kwetu ilikuwa kinyume. Hewa ilikuwa inaingia kwa mlango wa uani, baada ya sensa inayopima hewa, na mlango huo ulikuwa mdogo. Injini ikivuta hewa kidogo, hewa hiyo ya wizi ni sehemu kubwa ya yote. Ikivuta nyingi, haina uzito tena. Ile sensa ya oksijeni tuliyoitupa ilikuwa inasema kweli tangu mwanzo.

Lakini hewa inaingilia wapi? Hapo nilimwita mjomba, ambaye alitengeneza magari tangu enzi za kabureta. Alitazama skrini kwa muda.

“Mjomba, mashine yako imesema panapovuja ni wapi?”

“Haijasema, mjomba. Imesema tu panavuja.”

Akachukua kipande cha mpira kama urefu wa mkono, ncha moja sikioni, nyingine akaipitisha taratibu kando ya mabomba, mbali na feni na mkanda. Nyuma ya manifoldi ya hewa, bomba linalogawa hewa kwa silinda, akasimama. Ulikuwa mpira unaorudisha mvuke kutoka kwenye tumbo la injini, umepasuka kwa chini, kwenye kona, mahali ambapo jicho halifiki. Aliuminya kwa vidole, nami nikiwa kwenye laptopu nikaona marekebisho ya muda mfupi yakiporomoka hadi hasi 17, kwa sababu kompyuta ilikuwa bado inamwaga petroli ya kufidia hewa ambayo sasa imezuiwa. Mtetemo ukakoma. Nilipaza sauti, “Hapo hapo, usiachie!”

Tulibadilisha mpira huo tu. Baada ya wiki ya safari za kawaida, marekebisho ya muda mrefu yalitulia kwenye 3.

Programu niliyonayo inasoma injini na mambo ya moshi. Breki za ABS na mifuko ya hewa haifikii, na hata ingefikia, mifuko ya hewa nisingeigusa; hiyo ni kazi ya mwenye mafunzo na vifaa vyake. Pia sisomi grafu nikiwa naendesha. Narekodi safari nzima, halafu naitazama nikifika, au anayekaa kando yangu ndiye anayeshika laptopu.

Faili za gari letu zimehifadhiwa kwenye folda moja, kila moja na tarehe na kilomita. Nazirekodi hata gari likiwa halina tatizo, kwani namba za siku ya afya ndizo nitakazolinganisha nazo siku likiugua.

Juzi mjomba alikuja na gari lake mwenyewe, linakohoa likipanda mlima. Alifungua boneti, akaniambia, “Mjomba, washa mashine yako.” Mkononi alikuwa ameshika kile kipande cha mpira.