Vijitabu vya senti tano kwenye mfuko wa ovaroli

Nilikwenda kutafuta drili. Nyumba moja pembeni mwa Kansas City, mwenyewe amefariki, watoto wake wanauza kila kitu mpaka vijiko. Drili ilikuwa imeshachukuliwa, nikaondoka na boksi la viatu lililojaa vijitabu 61 vya ule mfululizo wa zamani wa Kimarekani uitwao Little Blue Books, kwa dola 8.

Nilikuwa zamu ya usiku ghalani, mapumziko ni nusu saa, saa nane usiku. Vitabu vya kawaida vilinishinda: vizito, na kuvifuata kwenye kabati lenye kufuli ni dakika tano kwenda na kurudi. Simu nayo ilikuwa inanimalizia zilizobaki. Hivi vijitabu vina sentimita 9 kwa 13 hivi, vingi kurasa 64, na mfuko wa nyuma wa ovaroli unavimeza bila mtu kujua. Nikaanza kubeba kimoja kila usiku.

Mzee mmoja Mkongo tuliyekuwa zamu moja alinichungulia begani.

"Mdogo wangu, unasoma nini? Ile karatasi ya ndani ya boksi la dawa?"

"Falsafa ya Plato, mzee."

Akakichukua, akakipima kiganjani. "Plato gani mwepesi hivi?"

Kilikuwa kimeandikwa na Will Durant, mwandishi Mmarekani. Baadaye nikajua kwamba vijitabu vyake vya wanafalsafa ndivyo vilivyokusanywa mwaka 1926 vikawa kile kitabu chake kinene cha historia ya falsafa. Kwa hiyo mfanyakazi wa kiwandani alikuwa ameshavisoma, kwa senti tano tano, kabla wenye maktaba nyumbani hawajakinunua.

Vyote 61 vimechapwa Girard, mji mdogo kusini mashariki mwa Kansas, eneo la migodi ya makaa ya mawe. Aliyevitoa ni Emanuel Haldeman-Julius, mtoto wa mfunga vitabu wa Philadelphia. Mwaka 1919 alichukua mitambo ya gazeti la kijamaa la Appeal to Reason akaanza na tenzi za Omar Khayyam, mshairi wa Uajemi wa zamani, na shairi la Oscar Wilde la gerezani. Bei ilianzia senti 25, ikashuka hadi 10, kisha 5. Kufikia 1928 alikuwa ameuza nakala milioni 100.

Nimechoka na wanaovisifu vijitabu hivi kwa kutaja wanafalsafa tu. Ndani ya boksi langu kulikuwa na tangazo la gazeti lililokatwa kwa mkasi, orodha ya namba na majina kwa herufi za kuumiza macho. Uliagiza kwa namba, angalau 20 kwa dola moja. Mwenye boksi alikuwa ameweka alama za penseli: saikolojia, mageuzi ya viumbe, vichekesho, jinsi ya kuandika barua, jinsi ya kutengeneza peremende. Peremende ameiwekea alama mbili. Nilimpenda hapohapo.

Haldeman-Julius naye hakuwa malaika. Kijitabu kisichofikisha nakala 10,000 kwa mwaka alikipeleka "hospitali", yaani kinaangaliwa upya, mara nyingi kinabadilishwa jina. Hadithi moja ya Gautier, mwandishi Mfaransa, iliyoitwa "Ngozi ya Dhahabu" iliuza 6,000 mwaka 1925. Akaibatiza "Kumsaka Hawara wa Nywele za Dhahabu", mwaka uliofuata ikauza 50,000. Ndani hakuna kilichobadilika. Mimi nilicheka, lakini najiuliza wangapi walifika katikati ndipo wakagundua wamenunua fasihi.

Shida yangu ilikuwa karatasi. Ni ile ya bei ya chini kabisa, kama ya gazeti, asidi yake inaila toka ndani. Kona ukiikunja inakatika kama jani kavu. Cha kwanza kilichoachia jalada nilikiziba kwa selotepu, na hilo najuta hadi leo: baada ya miezi ikageuka njano, nilipoibandua ikaondoka na mistari mitatu ya maandishi.

Ikabidi nijifunze. Adui mkubwa ni zile pini za katikati, vyangu vingi vina mbili, na kutu yake inakula karatasi kuzunguka tundu. Usizivute kwa koleo kutoka nje, utang'oa mgongo wa jalada. Fungua kijitabu katikati, inua miguu ya pini taratibu kwa kisu butu chembamba, ikisimama wima ndipo uisukume itoke. Halafu nashona. Natumia matundu yaleyale mawili, naongeza moja katikati yake. Uzi wa kitani niliopaka nta unatoka nje kupitia tundu la kati, unarudi ndani kwa la juu, unaruka la kati mpaka la chini na kutoka, kisha unaingia tena kwa la kati. Ncha mbili nazifunga fundo zikiwa zimeukumbatia ule uzi mrefu. Jalada lililoachia nalishika kwa gundi ya wanga na ukanda wa karatasi nyembamba ya Kijapani. Kimoja kinanichukua kama dakika arobaini. Wenye kukusanya vitu vya kale watasema nimeharibu thamani. Sawa, lakini vyangu vinasomwa.

Siku moja ya mapumziko niliendesha gari mpaka Pittsburg, jirani na Girard, ambako maktaba ya Pittsburg State University inahifadhi mkusanyiko mkubwa wa kazi za Haldeman-Julius. Girard kwenyewe hakuna mitambo ya kwenda kuona. Haldeman-Julius alikufa maji kwenye bwawa la nyumbani kwake Julai 1951, mwaka uleule aliotiwa hatiani kwa kukwepa kodi. Mwanawe akaendelea, na Julai 4, 1978 kiwanda kikateketea kwa moto.

Safari hiyo ndiyo iliyonifungua macho kwamba W.E.B. Du Bois, yule msomi Mmarekani mweusi, aliandika viwili kuhusu Afrika, namba 1505 na 1552, vyote vya 1930. Nilivitafuta miezi. 1505, cha jiografia, watu na mazao, nilikipata kwa bei ambayo sitaitaja kwa sababu mke wangu anasoma hapa. Kilikuja kimeachia pini zote mbili. Nikakishona usiku uleule.

Mzee alipoona neno Afrika kwenye jalada alisahau chai yake. Kiingereza chake ni cha kazi tu, hivyo nikawa namsomea kwa Kiswahili, kurasa nne kila mapumziko. Alitaka tuanzie penye Kongo. Nikikwama neno anasubiri, nikiruka sentensi anajua.

"Umeruka, mdogo wangu."

"Nimechoka, mzee."

"Yeye hakuchoka kuandika."

Tulikimaliza kabla sijahamishiwa zamu ya mchana. Sasa kila tukikutana getini, mimi naingia yeye anatoka, hasalimii kwanza. Ananiuliza kama 1552 imepatikana. Bado.