Mbuzi wangu wa maziwa walipoanza kutupa mimba

Mbuzi wa kwanza alitupa mimba akiwa amebakiza mwezi na ushei azae. Akitupa mmoja, mfugaji hujiambia labda kapigwa pembe, labda kateleza. Wiki haikuisha, mwingine akatoa pacha: mmoja amekamilika lakini kafa, wa pili mdogo, mweusi, amekauka kama gome la mti. Hapo habari ya pembe ikaisha.

Wengi wetu hukimbilia kuzika, au kibaya zaidi, mbwa hupata mlo. Mimi nilivaa glavu ndefu na barakoa, nikavitia vile vitoto pamoja na kondo la nyuma ndani ya mifuko miwili ya plastiki, nikaviweka kwenye ndoo yenye barafu na kumpigia daktari wa mifugo. Alichouliza kwanza ni kama kondo lipo. Magonjwa mengi ya kutupa mimba huacha alama kwenye kondo kuliko kwenye kitoto chenyewe, na bila hilo maabara hubaki kupapasa. Akachukua na damu ya majike waliotupa, kisha baada ya wiki tatu hivi akarudi kuchukua tena. Kipimo kimoja cha damu huweza kuonyesha tu kwamba mnyama aliwahi kukutana na ugonjwa. Kingamwili zikipanda sana kati ya kipimo cha kwanza na cha pili, unajua jambo ni la sasa.

Kusubiri majibu ndiko kulikonichosha, maana kwa macho hutofautishi. Brusela, ugonjwa wa bakteria, hutupisha mimba katika miezi miwili ya mwisho. Klamidia nayo, bakteria vilevile, hupenda wiki za mwisho, homa ya Q kadhalika, na listeria mara nyingi huja na sileji (majani yaliyovundikwa) iliyoharibika. Zote hizo humpata na binadamu. Basi tukaishi kana kwamba ni ile mbaya kuliko zote: maziwa yote yakachemshwa kabla ya kunywewa, majike waliotupa wakatengwa mpaka walipoacha kutoa uchafu ukeni, matandiko yakachomwa, sakafu ikasuguliwa na kupakwa chokaa. Shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, alikuwa mjamzito. Nilimwomba asikanyage bandani wala asiguse nguo zangu za kazi. Alininunia kidogo, lakini hilo sikulegeza. Na sikuuza mbuzi hata mmoja.

Mfugaji mwenzangu alinishauri niwapige wote sindano ya oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, yaishe. Nilikataa. Kama ni klamidia, dawa hiyo hupunguza utupaji ingawa haimsafishi mnyama kabisa. Kama ni brusela, mbuzi hatibiwi bali huondolewa kundini. Na kwa vyovyote maziwa ya wanaokamuliwa humwagwa mpaka dawa itoke mwilini. Kuchoma sindano kundi zima bila kujua unachokitibu naona ni kujituliza roho tu.

Majibu yakaja: brusela hapana, klamidia hapana. Ni toksoplasma, ugonjwa wa kimelea. Yule pacha mkavu alikuwa amemfanya daktari aishuku tangu mwanzo, ila hakutaka kusema bila ushahidi. Akaomba aone stoo ya chakula. Juu ya majani makavu, kando ya gunia la pumba lililo wazi, paka alikuwa amezalia. Wale wadogo ndio wenye shida: paka akiambukizwa mara ya kwanza humwaga vimelea kwenye kinyesi kwa wiki moja au mbili, na mayai ya vimelea hivyo yanaweza kukaa kwenye udongo zaidi ya mwaka. Mbuzi mwenye mimba akila chakula kilichochafuka, vimelea hufika kwenye kondo. Mimba ikiwa changa kabisa, huyeyuka, nawe unaona tu jike amerudi kwenye joto.

Tabaka la juu la majani nililitupa, pumba nikaihamishia kwenye mapipa yenye vifuniko, mlango wa stoo ukapigwa wavu. Paka mama nilimfunga uzazi nikabaki naye, kwa sababu ya panya. Paka mkubwa aliyekwisha kuambukizwa ni nadra amwage tena. Majike waliotupa pia nilibaki nao, kwani aliyeugua toksoplasma hupata kinga na aghalabu hatupi tena kwa ugonjwa huo. Ingekuwa brusela, haohao ndio wangetangulia kuondoka.

Palikuwa na jike mwingine aliyetuchanganya. Tumbo limejaa, joto haonyeshi, siku 150 zimepita na hazai. Nyumbani wote walimtia kwenye kapu la wagonjwa. Kipimo cha mawimbi ya sauti kikaonyesha mfuko wa uzazi umejaa maji, hamna kitoto wala vifundo vya kondo. Ni mimba ya uongo, tatizo la homoni, haliambukizi mtu wala mbuzi. Alichomwa sindano ya homoni iitwayo prostaglandini, maji yakamtoka, na baadaye akaonyesha joto. Nilimpandisha, safari hii akashika kweli.

Siku hizi kila jike aliyepandishwa na asiyerudi kwenye joto baada ya siku 21 hupimwa kabla mimba haijafika miezi miwili. Beberu mpya hukaa peke yake mwezi mzima, hupimwa damu na kukaguliwa korodani kabla ya kukutana na yeyote. Glavu na mifuko ya sampuli vinaning'inia mlangoni mwa banda.