Daka Kwanza, Kimbia Baadaye

Wapendwa katika Bwana,

Somo la juma hili ni 1 Wakorintho 4:7, pale Paulo anapowauliza waumini waliokuwa wakijivuna: mna kitu gani ambacho hamkupewa? Wengi wetu hulijibu swali hilo kwa mdomo mwepesi. "Vyote ni vya Mungu," tunasema, halafu tunaendelea na mbio zetu. Safari hii tulitazame kupitia kazi ya mtu ambaye hana la kufanya mpaka kwanza apokee: mrudishaji mpira katika futiboli ya Marekani.

Huo si mchezo wetu wa soka. Kila upande una wachezaji 11 uwanjani, na mpira wenyewe una ncha mbili kama papai dogo, urefu wa sentimita 28 hivi, uzito wa gramu 400 na kidogo. Kutoka mstari wa goli hadi mstari wa goli ni yadi 100, yaani mita 91. Timu iliyokwama huupiga mpira kwa mguu uende mbali, na pigo hilo huitwa punti. Huko mbali amesimama mtu mmoja. Kazi yake ni kuudaka na kuurudisha ulikotoka. Akifika nao mwisho wa uwanja, ni tachidauni, pointi 6.

Punti nzuri hukaa hewani sekunde 4 na nusu hivi. Katika muda huo wapinzani wawili wa pembeni, ambao kanuni za NFL, ligi kuu ya mchezo huu, huwaruhusu kuchomoka hata kabla mpira haujapigwa, wanamjia mbio. Anasikia vishindo vyao. Kosa la kawaida kuliko yote katika kazi hii huzaliwa hapo: anashusha macho kuwatazama wanaokuja, mpira unafika mikono haijawa tayari, unamponyoka. Ukishamgusa ukaanguka, wapinzani wana haki ya kuuchukua. Alichopelekewa yeye kimekuwa chao, na mara nyingi karibu kabisa na goli lake.

Kwa hiyo hufundishwa kusoma ncha ya mpira tangu unapopanda. Ncha ya mbele ikipinda na kuelekea chini, mpira utaenda mbali, arudi nyuma mapema. Ikibaki imeelekea juu, utakufa njiani, asogee mbele. Mpigaji akitumia mguu wa kushoto, mpira huzunguka kinyume na ule wa mguu wa kulia na kupepea upande mwingine. Ndiyo maana timu inayojiandaa kukutana na mpigaji wa namna hiyo humtafutia mrudishaji mtu wa kumpigia kwa kushoto mazoezini. Kisha awahi kufika chini ya mpira, asiudake akiwa bado anaukimbilia. Viwiko vibane mbavu, viganja vitazame juu, macho yaufuate mpaka uguse kifua. Baada ya hapo ndipo aufungie kwapani, ncha moja imeshikwa na vidole, na ndipo atazame mbele.

Zoezi moja linapendwa sana: mrudishaji anadaka punti huku mkono mmoja tayari umekumbatia mpira mwingine. Akifaulu anaongezewa wa pili. Anajifunza kuuleta mpira kifuani, maana vidole havitoshi kuunyakua hewani. Tunaokuja ibadani mikono imejaa mipango ya wiki nzima tungefaidika na zoezi hilo, ingawa kwetu dawa huwa ni kuweka kimoja chini.

Bwana mwenyewe aliwaambia wanafunzi wake wasiondoke Yerusalemu kwanza, wangoje kile Baba alichoahidi (Matendo 1:4). Walikuwa na habari kubwa kuliko zote duniani, na agizo la kwanza lilikuwa kukaa. Wengine wetu tungeona huko ni kupoteza muda.

Kuna pia kuinua mkono. Mrudishaji akiona wapinzani wamekaribia mno, ananyoosha mkono mmoja juu kabisa ya kichwa na kuupunga huku na huku kabla mpira haujashuka. Maana yake: naudaka tu, sitakimbia. Basi haruhusiwi kuguswa, na anayemwingilia anaigharimu timu yake yadi 15. Lakini ishara iwe kamili. Akiinua mkono nusunusu, kama mtu anayejikuna sikio, hiyo ni ishara batili na adhabu yake ni yadi 5. Mkono ule haumpatii sifa yoyote; watazamaji hunung'unika. Hata hivyo timu yake imebaki na mpira, na hiyo ndiyo kazi aliyotumwa kwanza.

Vilevile kuna mpira wa kuacha. Desturi ya zamani humwambia asimame na visigino kwenye mstari wa yadi 10 kutoka goli lake, na mpira ukipita juu ya kichwa chake asiufuate. Ukidunda ukavuka mstari wa goli, timu yake inaanzia yadi 20 kutoka hapo bila yeye kugusa chochote. Kinachomponza hapo ni tamaa.

Tukimtafuta mtu wa kuyaona haya maishani, yupo mrudishaji Devin Hester. Timu ya Chicago Bears ilimchukua mwaka 2006, akiwa wa 57 kuchaguliwa kati ya wachezaji wapya wa mwaka huo. Msimu wake wa kwanza alirudisha mipira 6 hadi tachidauni. Mmoja ulikuwa wa tarehe 12 Novemba 2006 dhidi ya New York Giants: Giants walipiga mpira wa kutafuta pointi kati ya nguzo za goli, pigo likawa fupi, akaudaka nyuma kabisa, akatembea kidogo kama mtu asiye na haja nao, wapinzani wakalegea, akachomoka yadi 108. Tarehe 4 Februari 2007, mvua ikinyesha Miami, alidaka pigo la kwanza la fainali ya ligi, Super Bowl, na kulirudisha yadi 92 hadi tachidauni. Haikuwa imewahi kutokea kwa pigo la kufungua fainali hiyo. Saa ya mchezo ilikuwa imetembea sekunde 14.

Bears walifungwa siku hiyo, 29 kwa 17. Baada ya pigo lile la kwanza, wapinzani wao, Indianapolis Colts, waliacha kumpigia mpira; waliupiga chini na mfupi, wadake wengine. Tusipite haraka hapa. Miguu ya Hester ilikuwa ileile, na mvua ileile. Kilichokosekana ni mpira. Yohana Mbatizaji, wanafunzi wake walipolalamika kwamba watu wanamhama, aliwajibu kwamba mtu hapokei chochote asichopewa kutoka mbinguni (Yohana 3:27).

Na hata mpira ukija, mbio si zake peke yake. Wenzake 10 wanawazuia wapinzani wasimfikie, kila mmoja na mtu wake, na kocha Dave Toub wa Bears alijulikana kwa kuwapanga watu hao kwa makini. Mmoja akikosea hatua moja, au akimsukuma mpinzani mgongoni, bendera ya njano ya mwamuzi inaanguka na tachidauni inafutwa. Majina ya hao 10 ni wachache wanaoyakumbuka. Wakorintho nao walikuwa wakigombania majina, huyu wa Paulo, yule wa Apolo, na ndipo swali lile likaulizwa.

Mwaka 2007 Hester aliongeza tachidauni nyingine 6. Kisha timu ikampa kazi kubwa zaidi ya kudaka pasi, na 2008 na 2009 zikapita bila kurudisha hata mpira mmoja hadi mwisho. Wahenga walisema kupata si kwa werevu, na kukosa si ujinga. Aliendelea kusimama kule nyuma. Mwaka 2010 zikaja 3, 2011 nyingine 3, 2013 moja. Tarehe 18 Septemba 2014, akiwa sasa na Atlanta Falcons, alirudisha punti yadi 62 dhidi ya Tampa Bay na kufikisha tachidauni 20, akimpita Deion Sanders aliyekuwa na 19. Kati ya hizo 20, 14 zilitokana na punti, 5 na mapigo ya kuanzisha mchezo, na moja ni ile ya Giants.

Jumba la Heshima la mchezo huo, lililoko Canton, Ohio, lilimfungulia mlango Agosti 2024, mara ya tatu jina lake kufika hatua ya mwisho. Ndiye wa kwanza kuingia humo hasa kwa kazi ya kurudisha mpira.

Juma hili, kabla ya kuomba jambo jipya, andika mambo matatu uliyopokea tangu Jumapili, na pembeni ya kila moja jina la mtu aliyekufungulia njia.