Porsche 911 iliyogoma kuwaka injini ikiwa ya moto: jinsi nilivyotatua

Porsche 911 yangu ya mwaka 1986, yenye injini ya lita 3.2 inayopozwa kwa hewa, iliwaka vizuri kila asubuhi, lakini baada ya safari ndefu stata ilizunguka kwa uzito mno au ilinyamaza kabisa hadi injini ipoe. Betri mpya haikusaidia, wala stata iliyofanyiwa matengenezo.

Mwanga uliletwa na maltimita (kifaa cha kupimia umeme): msaidizi alipopiga stata, kati ya ncha hasi ya betri na chuma cha injini ilionekana zaidi ya volti 1, ilhali haipaswi kufika hata nusu volti, ishara kwamba umeme ulikuwa unazuiwa njiani. Betri ya gari hili iko mbele na injini iko nyuma, hivyo umeme wa stata hurudi kupitia bodi na mkanda wa nyaya za shaba unaounganisha bodi na giaboksi.

Nilichomoa waya wa betri, nikafunga mkanda mpya. Zingatia sana sehemu ambazo mkanda hufungwa, kwa kuwa mkanda mpya juu ya kutu na rangi hauna faida: nilisugua kwa msasa pande zote mbili mpaka chuma kikang'aa, nikakaza bolti, ndipo nikapaka grisi kwa nje kuzuia unyevu. Sasa kipimo ni volti 0.2, na injini inawaka mara moja hata ikiwa ya moto.