Mkono Ufuate Neno

Somo la wiki: Zaburi 100, 1 Wakorintho 14:6–15
Mstari wa kukariri: "Nitaimba kwa roho, tena nitaimba kwa akili pia." (1 Wakorintho 14:15)

Wapendwa katika Bwana,

Huko Hawaii, kwa walimu wanaoshika desturi, mwanafunzi wa hula, ngoma ya jadi ya huko, haingii darasani kwa kusukuma mlango tu. Husimama nje na wenzake, wakaimba oli, yaani wimbo wa kughani, ya kuomba ruhusa, na kumu, yaani mwalimu, yuko ndani anasikiliza. Akiridhika hujibu kwa oli ya kuwakaribisha, ndipo wanavuka kizingiti. Asiporidhika hunyamaza, nao huanza tena mwanzo. Mara nyingi kosa ni dogo: sauti hazijaungana, maneno yanatafunwa, pumzi inakatika katikati ya mstari, au mmoja bado akili yake iko barabarani. Mlango upo wazi, lakini hakuna anayepita.

"Ingieni malangoni mwake kwa kushukuru, nyuani mwake kwa kusifu," inasema Zaburi ya 100. Sisi huingia tukiwa bado tunazima simu.

Wengi wetu hula tumeiona kwenye picha za watalii: maua shingoni, kiuno na sketi ya nyasi. (Hata hiyo sketi ya nyasi ilifika na vibarua kutoka Visiwa vya Gilbert karne ya 19, Wahawaii wenyewe walivaa kapa, kitambaa cha magome ya mti, na majani ya mmea uitwao ti.) Wenye hula yao huanzia kwingine kabisa. Kwanza kuna mele, maneno. Pasipo mele hakuna hula, hata viungo viwe laini namna gani. Kabla ya lugha yao kuandikwa, nasaba za wakuu, majina ya upepo na mvua za kila bonde, safari za baharini na habari za uumbaji vilikaa vichwani mwa watu. Wimbo wao wa uumbaji, Kumulipo, una mistari zaidi ya 2,000, na ulipokezwa kwa mdomo. Ndiyo maana kundi la hula lina kazi mbili: wacheza, na hoopaa anayepiga chombo huku akiimba. Jina hilo linatokana na kushika kitu kikawa imara. Yeye ndiye anayeyashika maneno yasipotee.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kuyatamka maneno yao bila shida kubwa: irabu ni zilezile tano, na kila silabi inaishia kwa irabu. Kuelewa ni habari nyingine, kwa sababu mele nzuri huwa na maana ya pili iliyofichwa, wanayoiita kaona. Ua linaweza kuwa mtu, na mvua ikawa mapenzi. Asiyefafanuliwa maneno hawezi kujua mkono wake unasema nini.

Tuuangalie mwili sasa. Miguu hushika mapigo, mikono husimulia. Hatua ya msingi, kaholo, ina mapigo manne: mguu wa kulia kando, wa kushoto uufuate, wa kulia tena, wa kushoto uje uguse; kisha urudi upande wa pili vilevile. Katika hela, mguu mmoja unanyooshwa mbele kwa mshazari na uzito wote unabaki kwenye mguu wa nyuma, kisha unarudi na mwingine unatoka. Katika uwehe unanyanyua mguu mmoja na kuushusha, halafu visigino vyote viwili vinainuka kwa pamoja huku magoti yakisukumwa mbele na nje. Ami ni kuzungusha kiuno. Katika zote hizo magoti hubaki yamekunjwa tangu pigo la kwanza hadi la mwisho, na katika mtindo wa kale hukunjwa hadi mapaja yawake moto.

Anayeanza hukosea hapo kuliko mahali popote. Akichoka hunyoosha magoti. Goti likinyooka kiuno hukwama, na mwendo uliokosa njia chini hupanda juu: mabega yanarukaruka, kichwa kinadunda. Mwalimu mzoefu akiona kichwa kinadunda hahangaiki nacho. Anatazama magoti. Nani kati yetu hajaona ibada yenye kichwa kinachodunda sana na magoti yasiyokunjika?

Kisha macho. Mkono ukionyesha mlima, macho yawe mlimani. Ukishuka kuchuma ua, macho yashuke nao. Mchezaji akianza kutafuta nani anamtazama, mkono unaendelea kusema lakini hakuna anayeuamini. Watu hugeuka kumwangalia yeye, na mele imekwisha hata kama mapigo hayajakoma.

Chombo cha hoopaa ni ipu heke, vibuyu viwili vikavu vilivyounganishwa, kikubwa chini na kidogo juu, na tundu limekatwa kileleni. Mpigaji hukaa chini au hupiga magoti, akakishika kiunoni mwa vibuyu kwa mkono wa kushoto, na mbele yake ametandika kitambaa kinene. Akikitua chini kinatoa mlio mzito, "u". Akikinyanyua na kukipiga ubavuni kwa vidole, kinatoa mlio mwembamba, "te". Pigo liitwalo kahela huenda hivi: u, te, u, te-te. Ni rahisi mpaka uanze kuimba juu yake. Bila kitambaa, sakafu hukipasua kibuyu. Kofi la vidole likizidi nguvu, linafunika silabi. Na mpigaji mwenye haraka huongeza kasi bila kujijua, mpaka wachezaji wanaacha kukunja magoti ili wamfikie; kosa la mikono yake linatokea kwenye miguu ya wengine. Paulo aliuliza wimbo utatambulikanaje ikiwa filimbi au kinubi havitoi sauti zenye tofauti. Wanaokaa kwenye mashine za sauti kanisani wasome mstari huo wa 7 polepole.

Tusifiche upande mgumu. Hula ya kale ilikuwa na madhabahu ndani ya chumba cha mafunzo, na sala zilielekezwa kwa Laka, mungu wa kike wa hula. Pahu, ngoma ya shina la mnazi iliyowambwa ngozi ya papa, ilikuwa chombo cha mahekalu. Wamisionari kutoka Marekani walifika mwaka 1820. Malkia Kaʻahumanu, ambaye mwaka mmoja kabla yake alikuwa mstari wa mbele kuvunja miiko ya dini ya zamani, alibatizwa 1825, na mwaka 1830 akapiga marufuku hula hadharani. Ni rahisi kumlaumu leo. Lakini yeye alizijua zile madhabahu kwa karibu, na swali lake lilikuwa la kweli: hiki kinatolewa kwa nani? Waumini waliokuzwa makanisa yaliyoacha ngoma nje ya mlango wanalielewa swali hilo, na pia wanajua kilichopotea pamoja na ngoma. Hawaii yalipotea majina na nasaba, maana maktaba yao ilikuwa ndani ya ile hula.

Haikufa. Ilijificha vijijini. Wakati huohuo uimbaji wa tenzi ulishamiri. Biblia nzima ya Kihawaii ilichapwa 1839, na waumini wa Kawaiahaʻo, Honolulu, walijenga kanisa kati ya 1836 na 1842 kwa mapande yapatayo 14,000 ya matumbawe yaliyokatwa baharini. Mfalme Kalākaua aliirudisha hula mbele ya watu kwenye kutawazwa kwake mwaka 1883. Siku hizi tamasha lenye jina lake la utani, Merrie Monarch (Mfalme Mchangamfu), huanza katika mji wa Hilo Jumapili ya Pasaka, na mashindano ya hula hufuata ndani ya wiki hiyo: Alhamisi wachezaji mmojammoja, Ijumaa mtindo wa kale, Jumamosi mtindo wa kisasa wenye ukulele na gitaa.

Wakristo wa Hawaii hawana kauli moja. Wapo wanaocheza maneno ya Zaburi ibadani, na wapo wasiotaka hula ivuke mlango wa kanisa. Kwetu sisi tunaoandika, Daudi aliyecheza mbele za Bwana kwa nguvu zake zote alijua anacheza mbele za nani. Mikali, mkewe, alitazama dirishani tu.

Kwa wiki hii, kwaya ichague wimbo mmoja wa Jumapili. Yaandikeni maneno yake yote kwa mkono, kisha myaseme bila kinanda wala makofi, polepole. Kila mwondoko uulizwe: unasema neno gani? Usio na neno uondolewe, hata kama ndio unaopigiwa vigelegele. Mkibaki na miondoko minne, ichezeni hiyo minne.

Dada yake Kalākaua, Liliʻuokalani, alirithi kiti cha enzi mwaka 1891. Alikuwa mtunzi na aliwahi kuongoza kwaya ya Kawaiahaʻo. Januari 17, 1893 kikundi cha wafanyabiashara, wakiwa na askari wa Marekani waliokwisha kushuka pwani, walimpindua. Mwaka 1895, baada ya wafuasi wake kujaribu kumrudisha, alifungwa chumba cha ghorofani katika jumba lake mwenyewe, ʻIolani. Magazeti alikatazwa, kalamu ya risasi na karatasi aliruhusiwa. Karatasi haikuwa na mistari ya muziki, hivyo aliichora mwenyewe. Chombo hakikuwepo mwanzoni, kwa hiyo noti alizitafuta kwa sauti yake peke yake, akiimba na kuandika. Miongoni mwa alizotunga humo ni sala ya Machi 22, inayomwomba Mungu asiyatazame maovu ya wanadamu, bali asamehe na kutakasa. Waliomfunga walikuwa ng'ambo ya mlango. Sala hiyo bado inaimbwa katika makanisa ya Hawaii, kwa lugha yake.