Chai ya barafu na sukari yake

Katika miezi ya joto hapa Dar es Salaam, kuanzia Desemba hadi Machi, ninaandaa chai ya barafu kuliko kinywaji kingine chochote, na maneno ninayoyasikia zaidi kutoka kwa wageni hayahusu majani wala viungo, bali sukari. Mmoja huiona imekolea mno, mwingine huomba aongezewe, na huyo anayeongezewa hukuta punje za sukari zimetulia chini ya bilauri hata baada ya kukoroga kwa muda mrefu. Ninaamini kwamba sehemu kubwa ya sukari tunayoitia katika chai hii haitokani na kupenda utamu, bali inatokana na namna tunavyoipika, na kwamba chai ikipikwa vizuri watu huridhika na sukari kidogo bila kuambiwa wapunguze.

Baridi yenyewe ina lake. Licha ya kuichelewesha sukari isiyeyuke, inapunguza pia utamu tunaousikia ulimini, kwa kuwa seli zinazopokea ladha tamu hufanya kazi kwa nguvu zaidi katika uvuguvugu. Kila aliyewahi kunywa soda iliyopata joto anajua jinsi utamu wake unavyozidi, ingawa sukari ni ileile. Kwa sababu hiyo, chai iliyoonjwa ikiwa bado ya moto na kuonekana imekolea sawasawa huwa chapwa ikishawekewa barafu, hasa barafu hiyo inapoanza kuyeyuka, kwa hiyo haifai kupima utamu wake jikoni kabla haijapoa.

Jambo kubwa zaidi, hata hivyo, ni ukakasi. Tulio wengi tumelelewa na chai ya maziwa, ambayo majani yake huchemshwa pamoja na maji mpaka rangi ikolee, na hilo halina madhara makubwa kwa sababu protini za maziwa hushikana na tanini za majani, yaani kemikali zinazoleta ukakasi huo, na kuzituliza. Chai ya barafu haina maziwa ya kuisitiri. Majani yanayouzwa kwenye maduka yetu, yawe ya Mufindi, Njombe au Rungwe, na vilevile yale ya Kericho kwa jirani zetu wa Kenya, kwa kawaida yamekatwakatwa na kusokotwa kwa mashine hadi kuwa punje ndogo, na punje hizo hutoa rangi na ukali wake kwa haraka sana. Ukizichemsha kwa dakika kumi unapata chai inayokausha ulimi, na hapo mnywaji huomba sukari, akidhani kwamba kilichopungua ni utamu.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Ninachemsha lita moja ya maji na kipande cha tangawizi kilichopondwa na punje chache za iliki kwa dakika kama kumi, kisha ninaepua sufuria, ninatia vijiko vitano vya chai vya majani, ninafunika na kuacha kwa dakika nne tu. Ninachuja mara moja, tena bila kukamua majani kwenye chujio, kwa sababu yale matone ya mwisho yanayokamuliwa ndiyo yenye ukali mwingi. Anayetaka chai iwe kali zaidi aongeze majani, asiongeze muda.

Baada ya kuchuja, inafaa kuwa na subira. Chai ya moto, ikiwa nyuzijoto 80 hivi, ukiitaka ishuke hadi nyuzijoto 5 kwa barafu peke yake, itahitaji barafu yenye uzito unaokaribia uzito wa chai yenyewe, na yote hiyo itageuka maji ndani ya kinywaji chako. Ukiiacha kwanza mezani mpaka ifikie joto la chumba, barafu inayohitajika haifiki theluthi moja ya uzito huo. Chai nzito ikiingizwa kwenye jokofu ikingali na joto mara nyingi huwa na ukungu, kwa kuwa kafeini na tanini hushikana katika ubaridi. Ukungu huo hauna madhara yoyote, na maji kidogo yanayochemka huuondoa.

Watu wa kusini mwa Marekani, ambao kwao chai hii ni kinywaji cha kila siku, wameshughulika na jambo hilihili kwa muda mrefu. Kitabu kimoja cha mapishi kilichochapishwa mwaka 1879, chenye mapishi ya akina mama wa Virginia, kinaelekeza kutumia majani ya chai ya kijani, kujaza bilauri kwa barafu na kuweka vijiko viwili vya chai vya sukari katika kila bilauri. Hayo ndiyo yaliyokuwa makadirio yao. Siku hizi wengi huko huyeyusha sukari katika chai ikiwa bado ya moto, kuanzia kikombe kimoja, yaani takriban gramu 200, hadi viwili kwa galoni yao, ambayo haifiki lita nne. Kwa vikombe viwili, kila lita ina zaidi ya gramu 100 za sukari, kiasi kinacholingana na cha soda ya kola. Wapishi wengi wa huko hutia pia chembe ya bikaboneti ya kupikia ili kupunguza ukakasi, jambo linalonionyesha kwamba nao wanapambana na ukali wa majani kabla hata hawajafika kwenye sukari.

Mimi siafiki kutia sukari ndani ya jagi. Katika kundi lolote la wageni siku hizi hakosekani mwenye kisukari, na si heshima kumwandalia mtu kinywaji asichoweza kukinywa halafu kumtafutia maji. Ninapika shira nyepesi kuliko ile ya kaimati, kikombe kimoja cha sukari kwa kikombe kimoja cha maji, ninaiacha motoni mpaka maji yawe maangavu, na ninaiweka mezani ndani ya chupa ndogo ikiwa imepoa. Shira huchanganyika na chai baridi papo hapo, na kijiko kimoja cha chakula kina sukari inayokaribia vijiko viwili vya chai.

Mama mkwe wangu, ambaye ni mtu wa Tanga na hupenda chai iliyokolea, hutia vijiko vitatu vya shira, na ni haki yake. Jirani yangu hatii hata kimoja. Wengine wengi, wakionja kwanza, husimama kwenye kimoja au kimoja na nusu, ambacho hakizidi gramu 12 za sukari, wakati Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linasema kwamba kuna manufaa zaidi mtu mzima akibaki chini ya gramu 25 hivi kwa siku. Mwanzoni mwa mwaka 2024, sukari ilipoadimika nchini na bei yake kupaa, chupa hiyo ndogo ilitufaa sana nyumbani.

Ndimu ninaikamua mwishoni, ndani ya bilauri ya kila anayeitaka, kwa sababu hupausha rangi ya chai na uchachu wake humfanya mtu atake shira zaidi. Chai iliyobaki hukaa kwenye jokofu kwa siku moja, au mbili ikizidi sana, na umeme ukikatika usiku kucha ninaimwaga na kupika nyingine.