Kumbukumbu ya mkeka wa bibi: vidole vinapoitikia

8 Septemba

Nimeanza. Bibi yangu mzaa mama, hapa Mikindani, amesuka mikeka tangu mama yangu hajazaliwa. Sasa baridi yabisi imemkaa kwenye vidole, hamalizi pima moja ya ukili, ule ukanda unaosukwa na kushonwa kuwa mkeka, bila kuweka mikono chini na kuisugua. Mimi ni fundi cherehani mjini Mtwara, kusuka sijui. Nimekusudia kusuka mkeka mmoja wa kulalia, kuanzia kuchana miyaa, majani ya mkeka, mpaka kushona kwa shazia, sindano kubwa ya mikeka, yeye akiwa bado anaweza kunielekeza.

Leo hakunipa hata chane moja, yaani kipande chembamba cha mwaa uliochanwa. Alinikalisha mbele yake, akasema, "Angalia mikono tu, mwanangu." Nikaangalia kwa saa nzima. Niliporudi nyumbani nikakata tepe tisa za kitambaa nijaribu, zikafumuka kabla ya kufika shubiri moja.

19 Septemba

Jambo la leo limetokea kazini, lakini naliandika humu kwa sababu ni la mradi huu huu.

Fundi mwenzangu alikuwa anatunga uzi kwenye sindano ya cherehani. Macho yake ya karibu yamepungua nguvu, uzi ukawa unapita pembeni ya tundu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mimi nilikuwa nimekaa tu, mikono iko mapajani. Nikajikuta kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia vimebanana kama vimeshika kitu chembamba, na ncha ya ulimi imetoka kulowesha uzi ambao haupo.

Kwa bibi niliangalia saa nzima, mikono yangu ikakaa kimya kama si yangu. Macho ni yaleyale. Kwa nini sindano iamshe vidole na ukili usiviamshe?

22 Septemba

Wiki hii nimesoma kila usiku kwenye simu mpaka chaji inaisha. Niliyoyapata nayaandika kwa kifupi.

Mwaka 1992, watafiti wa Parma, Italia, kundi la Giacomo Rizzolatti, walitoa taarifa kwamba ndani ya ubongo wa kima kuna seli za neva zinazofanya kazi kima anaposhika chakula, na seli zilezile hufanya kazi anapomwona mtu akikishika. Baadaye zikaitwa niuroni za kioo. Kwa binadamu, mwaka 1995, Luciano Fadiga na wenzake waliuchokoza ubongo kwa sumaku kupitia fuvu huku wakipima misuli ya mkono wa mtazamaji. Mtu alipotazama mkono wa mwingine ukishika kitu, misuli yake iliitikia kwa nguvu zaidi, tena ileile ambayo angeitumia kama angeshika yeye. Na zamani kabla ya hapo, mwaka 1954, Henri Gastaut na mwenzake huko Ufaransa waliona wimbi fulani la ubongo linalotulia mtu anapojongea likivunjika pia kwa mtu aliyekaa kitini akitazama filamu ya mabondia.

Lililonigusa zaidi ni la London, mwaka 2005. Waliwaonyesha wacheza baleti na wacheza kapoeira, mchezo wa Brazili unaochanganya ngoma na mapigano, video za michezo yote miwili huku wakipiga picha za ubongo. Sehemu za ubongo zinazohusika na mwendo ziliamka zaidi kila mmoja alipotazama mchezo aliojifunza mwenyewe. Nikaweka simu chini. Hilo ndilo la sindano na ukili. Vidole vyangu vina miaka kumi na minne ya uzi, na havina hata siku moja ya chane.

Niongeze kwamba wapo wanasayansi wanaosema mengi yaliyotangazwa kuhusu seli hizo yamevuka ushahidi, hasa dai kwamba ndizo zinazotufanya tuelewane. Mimi silifuati hilo. Nafuata vidole.

6 Oktoba

Jaribio la maji, nione kama kidole changu hutikisika zaidi nikimtazama bibi akisuka. Niliweka sinia la maji uani kwa bibi, jua la saa nne likapiga majini na mwanga ukarukia ukutani. Ukigusa maji kwa ncha ya kidole, mtikisiko ambao jicho halioni kidoleni unakuwa mawimbi makubwa ukutani. Binti yangu alishika kipande cha mkaa, kila mwanga ukivunjika achore mstari. Mara mimi namtazama bibi akisuka, mara nawatazama kuku wakichakura. Binti alikuwa amempa kila mtu mgongo, asijue natazama nini.

Mistari ilikaribiana mno, siwezi kudai lolote. Kidole hakitulii hata ukikibembeleza. Pumzi inakitikisa, moyo unakitikisa, upepo wa baharini unatikisa maji yenyewe. Ndiyo maana wale wa Italia walihitaji sumaku na nyaya. Mwitikio mwingi uko chini ya ngozi, na mwili una breki inayouzuia usitoke nje, la sivyo tungekuwa tunaiga kila mpita njia. Siku ile kazini breki iliachia kidogo, nikaona.

Sinia nimelirudisha jikoni, ila jaribio silijutii. Binti sasa anajua kwa nini mwanga hucheza darini asubuhi.

20 Oktoba

Hili limefanya kazi, na nitaliandika kwa kirefu.

Mpaka leo nilikuwa nakaa mbele ya bibi, uso kwa uso, kama mwanafunzi na mwalimu. Chane yake ya kulia kwangu iko kushoto. Anapokunja chane ya ukingoni kuja kati, juu ya moja, chini ya moja, mimi nageuza kichwani kwanza ndipo mkono ufuate, na mkono ukifika yeye yuko chane mbili mbele. Wapo watafiti waliopima jambo hili kwa video za mikono na miguu, wakaona mtu huiga haraka zaidi akionyeshwa kitendo kama mtendaji mwenyewe anavyokiona, kuliko akionyeshwa kutoka mbele.

Kwa hiyo leo nilihamia nyuma ya bega lake la kulia, karibu kabisa, kidevu changu kinakaribia mtandio wake. Nikawa naona mikono yake pale ambapo mikono yangu ingekuwa. Na nilishika chane zangu tisa, zimeloweshwa ziwe laini, nikiziacha zilale tu vidoleni. Bibi hakupenda mwanzoni, alisema namtoa jasho. Kisha akazoea.

Niliona nisilokuwa nimeliona kwa wiki sita. Kidole gumba chake cha kushoto hakifanyi kazi ya kushika peke yake. Kila chane inapolala, gumba lile linaiminya na kuivuta kidogo sana nyuma, pengine upana wa punje ya mchele, ndipo linaachia. Huo mvuto ndio unaokaza ukili. Kutoka mbele unafichwa na mkono wa kulia. Na bibi mwenyewe hakuwahi kuutaja kwa sababu hajui kama anaufanya. Nilipomwambia alitazama gumba lake kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe."

Nikasuka urefu wa mkono mmoja. Nilikosea mara saba. Wiki iliyopita, kwa urefu huohuo, niliacha kuhesabu.

17 Novemba

Korosho zimechukua kila mtu, hata barazani kwa bibi kuna magunia. Leo nimesuka kidogo tu.

Ila shangazi alipiga simu kutoka Lindi, akataka kujua bibi ananifundishaje kuongeza chane mpya ile ya zamani inapokwisha. Bibi akaibana simu kati ya sikio na bega, akaanza kueleza, na mikono yake yote miwili ikasuka hewani. Ikainua, ikapachika, ikakunja. Shangazi hawezi kuona chochote akiwa Lindi. Niliwahi kusoma kwamba hata watu waliozaliwa vipofu hutumia ishara za mikono wanapoongea na kipofu mwenzao, na leo nimeliona kwa macho yangu. Ishara ile bibi alikuwa anajisaidia yeye kupata maneno.

Mimi nilikuwa upande wa pili wa baraza, nikahisi kiganja cha kushoto kinajikunja taratibu. Hapakuwa na chane wala ukili, ni mikono mitupu tu. Katika taarifa za mwanzo za kima, mkono mtupu ukijifanya kushika haukuziamsha seli zile. Kwa binadamu, hata mkono unaochora maumbo hewani uliongeza mwitikio wa misuli katika kipimo kile cha 1995. Sisi mkono mtupu unatutosha.

2 Februari

Kimya cha miezi miwili ni cha sare za shule. Desemba na Januari fundi cherehani hana Jumapili.

Niliogopa mikono imesahau. Nilimtazama bibi kwa dakika kumi kabla ya kugusa chane, na vidole vyangu vikawa vinatangulia. Alipoinua ya ukingoni, gumba langu la kushoto lilikuwa tayari linaminya. Septemba mahali hapa hapakuwa na kitu.

2 Machi

Ukili umefika pima kumi na moja. Nimebadilisha rangi mara mbili, nyekundu na zambarau, rangi ya unga ya dukani iliyochemshwa.

Leo bibi hakusuka kabisa, vidole vilimuuma tangu alfajiri. Tulibadilishana nafasi, mimi nasuka, yeye kaegemea nguzo nyuma ya bega langu. Mara tatu aliguna "aa-aa" wakati chane ikiwa bado hewani, sijailaza. Mara zote tatu nilikuwa naelekea kuruka moja. Nikamuuliza amejuaje kabla kosa halijafanyika, akasema hajui, mkono wake umekataa.

Usiku nilitafuta. Mwaka 2008 kundi la Salvatore Aglioti huko Roma liliwapima wacheza mpira wa kikapu wakitazama video za mtu akirusha mpira kwenye goli. Wachezaji walitambua mpira utakaokosa mapema kuliko makocha na waandishi wa michezo, kwa kuusoma mwili wa mrushaji hata kabla mpira haujaachia mkono. Na misuli ya kidole chao kidogo iliitikia zaidi pale mpira ulipokuwa unakosa.

Niligeuka mara moja leo, bila bibi kujua kama natazama. Mikono yake ilikuwa imelala juu ya kanga, mapajani, imevimba kwenye viungo. Gumba la kushoto lilikuwa linaminya na kuvuta nyuma, linaachia, linaminya tena, kwa mwendo uleule wa mikono yangu.

Jumapili ijayo naanza kushona. Shazia yake ni ya shaba, imepinda kidogo, amesema nisiinyooshe.